Kazi za Mikono: Pikipiki Isimamapo Njiani

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulieleza namna ya kuisafisha cherehani na kuitia mafuta. Baadhi yenu mmetuandikia mkiuliza kwa nini tumeihangaikia mashine ya kushonea, na ile nyingine isimamayo uani, iletayo unga kutoka gulioni na kumpeleka mgonjwa zahanati, hatukuisema hata neno moja. Swali hili ni la haki. Basi mwezi huu twaandika habari za pikipiki, na hasa mambo ambayo mwenyewe aweza kuyafanya kwa mikono yake, akiwa mbali na fundi, mvua ikikaribia na njia ikiwa tupu mbele na nyuma.

Hatuandiki kama mafundi, maana sisi si mafundi. Twaandika kama watu waliokosa, nalo kosa letu twalitaja kwanza, ili msomaji ajue kwa nini tutakaa sana juu ya jambo moja na kuyapita mengine upesi.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, tulikuwa tukishuka kutoka Soni kwenda Mombo katika milima ya Usambara. Mama wa nyumba yetu alikuwa ameketi nyuma, na kikapu cha mboga mapajani pake. Wazijuao njia zile wajua jinsi barabara ile iteremkavyo kwa kona baada ya kona, mwamba upande huu na korongo upande huu. Kabla ya kuanza mteremko gurudumu la nyuma lilitoboka. Tukashuka, tukalifungua, tukaziba tundu, tukalirudisha. Mawingu yalikuwa meusi nasi tulifanya haraka. Tukaanza kuteremka. Katika kona ya kwanza iliyo kali tulikanyaga breki, tukasikia mlio wa chuma chini yetu, na gurudumu likakaza lisizunguke tena. Pikipiki ikateleza kwa ubavu, tukaanguka sote wawili. Sisi tulichubuka magoti tu. Mama alivunjika mtulinga, akakaa wiki nyingi mkono umefungwa shingoni, asiweze kuchota maji wala kumbeba mtoto.

Sababu yake ilikuwa ndogo kama kifungo. Katika pikipiki nyingi zenye breki ya nyuma iliyofichwa ndani ya kikombe cha gurudumu, vipande vya breki vimeshikwa na bamba la duara. Bamba hilo lataka kuzunguka pamoja na gurudumu kila breki inapokanyagwa, na kizuiacho lisizunguke ni ufito mfupi wa chuma, uliofungwa upande mmoja kwenye bamba, na upande wa pili kwenye mkono wa nyuma wa pikipiki. Ufito huo hufungwa kwa nati moja. Sisi tulipolirudisha gurudumu tuliupachika ufito mahali pake, lakini nati hatukuifunga. Tuliikuta baadaye mfukoni mwa koti letu, pamoja na kipande cha chaki. Tulipokanyaga breki, ufito ulichomoka, bamba likazunguka na gurudumu, likaupinda ule waya mnene wa breki, na mara ile kila kitu kikakaza.

Tangu siku ile mama huyo hapandi nyuma yetu mpaka ainame, aiguse nati ile kwa kidole chake. Hatusemi neno, twangoja.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na tuanze na pancha, maana ndilo jambo limpatalo kila mtu. Kule tambarare za Mombo na Korogwe mwiba wa mgunga hauna huruma, na mijini misumari ni mingi kuliko mawe. Tangu John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama katika mji wa Belfast, alipopata hati ya tairi lake la upepo mwaka 1888, binadamu hukaa juu ya hewa asafiripo. Raha yake ni kubwa, lakini hewa nayo haikosi kutafuta njia ya kutoka.

Neno la kwanza: usiende na tairi lisilo na upepo ukisema, "Mji u karibu." Mpira wa ndani utakatikakatika, na tundu moja la shilingi chache litakuwa mpira mpya. Shuka, isimamishe pikipiki juu ya stendi kubwa mahali palipo sawa, mbali na barabara. Lizungushe gurudumu polepole ukitazama. Ukiuona mwiba au msumari, usiuchomoe kwanza. Tia alama ya chaki hapo, kisha ndipo uchomoe. Ikiwa umeliona tundu kwa njia hii, huenda usiwe na haja ya kulitoa gurudumu kabisa. Waweza kuubandua upande mmoja wa tairi, ukautoa mpira sehemu ile tu, ukaziba na kurudisha. Laiti tungaliyajua haya pale Soni! Nati ambayo haikufunguliwa haiwezi kusahauliwa.

Ikiwa hapana budi kulitoa gurudumu, tandaza kwanza kitambaa chini, na kila nati uitoayo iweke juu yake kwa kufuata taratibu ya kufungua. Usiweke kitu mfukoni. Wala usimpe mtoto aliyesimama kutazama akushikie, hata akiwa na adabu namna gani.

Toa upepo wote uliosalia. Lile tairi hushikamana na ukingo wa chuma, nawe hulikanyaga kwa kisigino kulizunguka mpaka liachie. Hapa ndipo watu wengi hutoka jasho na kuvunja vyuma vyao bure. Wanasukuma chuma cha kutolea tairi kwa nguvu zote upande mmoja, wala hawajui kwamba upande wa pili tairi bado limekaa juu ya ukingo, na kwa hiyo hapana nafasi. Katikati ya ule ukingo kuna bonde. Piga goti juu ya tairi upande ulio mkabala nawe, ulisukume liingie bondeni, ndipo upande wako utakapolegea, na vyuma viwili vyepesi vitatosha. Tulimwona msichana wa darasa la saba akifanya hivyo kwa mikono miwili myembamba, na kando yake kijana mmoja mwenye kifua kipana akihangaika na pikipiki yake tangu asubuhi.

Mpira ukisha kutoka, ujaze upepo kidogo uusogeze karibu na shavu. Shavu huisikia pumzi nyembamba kuliko kidole. Maji ya dimbwi ni bora zaidi yakiwapo, na yasipokuwapo mate hufaa. Ukiliona tundu, usiache kutafuta la pili, maana mwiba mrefu hutoboa pande zote mbili. Pitisha kitambaa ndani ya tairi pande zote. Kitanasa mahali ncha ilipobaki. Usipitishe vidole vitupu, usije ukautafuta mwiba kwa damu.

Kausha mpira kabisa. Sugua kwa msasa mahali papana kuliko kiraka, mpaka weusi wake upoteze mng'ao. Paka solusheni kwa uchache, kisha ngoja. Kungoja huku ndiko kuliko kugumu kuliko kazi yote. Gundi ile haishiki ikiwa mbichi. Yataka dakika chache, mpaka ukiigusa pembeni isifuate kidole. Ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza kutoka katikati kwenda ukingoni. Kisha nyunyiza unga wa chaki juu yake ili kisishikamane na tairi. Katika jambo hili walimu mna bahati kuliko watu wote, kwa kuwa chaki haikosi mifukoni mwenu.

Kabla ya kuurudisha mpira, utie upepo kidogo tu, upate umbo lake. Mpira uliokunjamana hubanwa na chuma na kutoboka tena mikononi mwako. Ingiza vali kwanza, na unaporudisha tairi anza upande ulio mbali na vali, umalizie karibu nayo, kisha sukuma vali ndani na kuivuta tena ili ujue kwamba mpira haukubanwa chini ya tairi. Upepo wa kutosha kwa pikipiki ndogo nyingi ni karibu ratili 25 kwa inchi ya mraba mbele. Nyuma 28 akiwa mtu mmoja, na 32 au zaidi wakiwa wawili. Kipimo cha pikipiki yako kimeandikwa katika kitabu chake, na mara nyingi katika karatasi iliyobandikwa karibu na mnyororo. Kifuate hicho, usitufuate sisi.

Sasa ni saa ya kurudisha gurudumu, nasi twaomba msomaji asome hapa polepole. Pande zote mbili za mkono wa nyuma zina alama ndogo zilizochongwa. Hakikisha ekseli imekaa kwenye alama ileile kushoto na kulia, la sivyo gurudumu litakwenda upande. Pima mnyororo: ukiusukuma juu na chini kwa kidole katikati, uchezecheze kiasi cha milimita 20 hadi 30. Kaza nati ya ekseli. Funga nati ya ule ufito wa breki, na kama ina pini ya miguu miwili itie na kuikunja miguu yake. Rudisha waya mnene wa breki na nati yake ya kurekebishia, kisha kanyaga kwa mkono uone kama gurudumu lashikwa, na ukiachia kama lazunguka bila kukwaruza. Tazama kitambaa chako. Kikiwa kina kitu juu yake, kazi haijaisha. Halafu panda peke yako, wenzako wakiwa wamesimama kando, uende hatua hamsini na kukanyaga breki mara mbili. Akufuataye nyuma na apande baada ya hapo, si kabla.

Kwa kuwa tumetaja mteremko, tuongeze neno moja. Twaona vijana wakizima injini juu ya mlima ili washuke bure bila petroli. Petroli waokoayo haifiki thamani ya kiraka. Injini iliyo katika gia ndogo huizuia pikipiki bila kuchoka, bali breki iliyoshikwa mfululizo hupata moto, na breki yenye moto hulegea wakati ule uitakapo zaidi. Shuka katika gia ileile ambayo ungepandia, na breki uitumie kwa kushika na kuachia.

Tuje kwa injini ikataayo kuwaka. Injini yataka vitu vitatu: petroli, cheche na hewa. Anayekumbuka haya matatu hatapiga kiki mpaka mguu uvimbe. Lakini kabla ya hayo matatu, tazama kile kitufe chekundu cha kuzimia kilicho upande wa mkono wa kuume. Twaona haya kusema ni mwendo gani tulisukuma pikipiki siku moja chini ya jua la saa saba, na kitufe kile kimebonyezwa na mtoto aliyekuwa akichezea nyumbani.

Petroli: itikise pikipiki usikie ndani ya tangi. Kama ni kidogo, geuza koki kwenye akiba. Kama yasikika ya kutosha na bado injini hufa baada ya mwendo mfupi, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kama mtu ashushaye pumzi, ujue kitundu cha kifuniko kimezibwa na vumbi, na petroli ilishindwa kushuka kwa kukosa hewa juu yake. Kisafishe kitundu uende zako.

Cheche: chomoa kofia ya plagi, safisha matope ya kando yasije yakaanguka ndani, kisha ifungue plagi. Plagi husema habari za injini yote kwa anayejua kuisoma. Ikiwa rangi yake ni ya kahawia kama udongo mkavu, injini ina afya. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli yazidi au chujio la hewa limejaa vumbi. Ikiwa nyeusi yenye mafuta mazito, oili yapenya ndani, na hiyo ni kazi ya fundi. Ikiwa nyeupe kama majivu, injini yapata moto kupita kiasi. Hewa yazidi, au petroli haifiki vema. Ikiwa imelowa petroli, umeizamisha kwa kupiga kiki mno. Ikaushe, ungoje kidogo. Isugue kwa msasa au brashi ya waya, na nafasi kati ya vyuma vyake viwili iwe kama kitabu kisemavyo, ambayo kwa pikipiki ndogo nyingi ni karibu milimita 0.7. Kuijaribu, ipachike katika kofia yake, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na tundu ilikotoka, upige kiki, utazame kama cheche ya buluu yaruka. Wakati wa kurudisha plagi, izungushe kwa vidole vyako mpaka ifike mwisho, ndipo utie spana. Kichwa cha injini ni cha madini laini, na plagi iliyoingia upande huharibu njia zake kwa gharama iliyo kubwa kuliko plagi mia.

Haya yote yafanyeni mkiwa mbali na moto. Usiku msimulikie petroli kwa koroboi wala kiberiti. Tochi ya simu yatosha, na ikiwa hapana tochi, ngojeni mapambazuko.

Hewa haina maneno mengi. Chujio la sponji lifuliwe kwa maji na sabuni, likaushwe kabisa, litiwe oili kidogo na kukamuliwa. Lile la karatasi halifuliwi. Hukung'utwa, na likichakaa hubadilishwa.

Pikipiki mpya zisizo na kabureta, zenye kompyuta ndogo ya kupimia petroli, zisichokonolewe kwa waya na bisibisi kama tulivyozoea. Plagi na chujio waweza kuzitazama. Mengine mwachie fundi mwenye chombo chake. Na hizi ziendazo kwa umeme, zilizokwisha kuanza kuonekana Nairobi na Kigali na miji mingine, hazina plagi wala oili ya injini, lakini miiba haizibagui.

Mnyororo, ambao wengi huuita cheni, husahauliwa mpaka ukatike. Uusafishe kwa mafuta ya taa na brashi, uukaushe, kisha utie oili nzito upande wa ndani. Wako wanaotumia oili chafu iliyomwagwa kutoka injini kwa kuwa ni ya bure. Oili ile ina chembe za chuma ndani yake, nayo husaga badala ya kulainisha. Kiungo cha kufungia mnyororo kina kibanio chenye mdomo uliopasuka. Mdomo huo uelekee nyuma, kinyume cha mwendo wa mnyororo, usije ukagonga kitu ukafunguka. Nunua kiungo kimoja cha akiba. Bei yake ni ndogo, na kimeturudisha nyumbani mara mbili.

Waya wa klachi hukatika karibu na mkono wa kushikia, nao hutoa taarifa kabla: nyuzi moja mbili hujitokeza kama nywele. Ukiziona, ubadilishe waya juma lilelile. Ukikukatikia njiani, itie pikipiki katika gia huru, uwashe, uisukume mpaka iende, uingize gia ya kwanza na kwenda polepole hadi kwa fundi. Lakini fanya hivyo ukiwa peke yako na njia ikiwa tambarare. Mwenzako na apande chombo kingine.

Mwalimu mmoja ametuuliza ni vitu gani achukue chini ya kiti, kwa kuwa nafasi ni ndogo na mshahara pia. Twamjibu hivi: spana ya plagi, spana ya nati ya ekseli, spana mbili ndogo zienezazo nati nyingine, bisibisi, koleo, vyuma viwili vya tairi, viraka, solusheni na msasa, pampu ya mkono, plagi moja nzima, kiungo cha mnyororo, kipande cha waya laini, na kitambaa. Solusheni iliyofunguliwa hukauka ndani ya bomba lake, basi aibonyeze kila mwezi aone kama yasogea. Na kama vyote haviwezi kununuliwa mara moja, aanze na vile vya pancha.

Wale waliouliza juu ya betri isiyoshika chaji tumezipokea barua zenu, nasi tutawajibu mwezi ujao, nafasi ikiruhusu.